Nusu ya Goli

Orodha imebandikwa mlangoni pa mhasibu,
gundi bado mbichi.
Wavulana kumi na sita: ada kamili, chumba, chakula.
Wasichana wawili: nusu ada.
Wa pili ni mimi, Kerubo, golikipa,
mpira wa magongo.

Niliingia. Niliuliza, wala si kwa ukali,
nusu ya pili ataitoa nani?
Mama yuko Gikomba; mwezi jana moto
ulimlia marobota matatu.
"Haba na haba, binti," akasema,
akarudi kwenye kompyuta yake.
Kibaba hakukitaja.

Jioni, City Park, navaa kinga za miguu
zilizochokwa na timu ya wavulana.
Pana. Nimezikaza kwa kamba za viatu.
Zanuka jasho la mtu nisiyemjua.
Khavere anarudi nyuma hatua tano,
anachapa,
na mpira unanijia mzima.
Haujawahi kunijia nusu.

Kesho nitarudi ofisini na swali moja,
nimeliandika nyuma ya risiti
lisije likanitoka:
mzee, nilinde mlingoti upi,
wa kushoto
ama wa kulia?