Daftari la Mablanketi

Waliambiwa wanakuja Afrika,
wakafungasha fulana na kofia za jua.
Hakuna aliyewatajia Njombe ya mwezi wa saba,
sakitu imelala juu ya kabichi alfajiri
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.

Usiku wa kwanza nilimkuta binti wa Manila
amejifunika bango lake la kitambaa:
HAKI kifuani, KWA magotini,
WOTE halikufika miguuni.

Wakaniambia, Mama Edina, wewe unajua watu,
tutafutie mablanketi.
Nikapita Mji Mwema mlango kwa mlango,
kamwene, kamwene,
na daftari la hesabu la mjukuu wangu mkononi:

La kijivu, la Tulalumba Mgaya: mwanasheria wa Nairobi.
La mistari, la mzee Ngimbudzi, limeungua pembe: mwalimu wa Dhaka.
Mawili ya Sekela, ya harusi, bado yananukia duka:
wale dada wa Brazili.
Zito, la Lwitiko,
ambaye shamba la babu yake leo ni mipaini ya kampuni:
Mswidi mrefu, chumba cha tisa.

Severino wa Bolivia alilikataa la kwake.
Akasema, na maneno yake yalipita vinywa viwili kabla ya kunifikia,
kwao viazi hulazwa nje makusudi,
baridi ivigandishe, miguu ivikanyage,
vikae ghalani miaka.
Nikacheka. Mimi vyangu havimalizi wiki barabarani.

Siku ya tatu wakanipa kipaza sauti.
Sikuwa na hotuba. Nikasema: lumbesa.
Mkalimani akanyamaza.
Akatazama karatasi, akatazama dari.
Basi nikatoka nje, nikaburuta gunia langu hadi katikati ya ukumbi,
nikawaonyesha mdomo wa gunia ulipoishia,
na kilemba alichokishona mnunuzi juu yake,
debe zima na nusu,
bei ileile.

Kimya.
Halafu mwalimu wa Dhaka akasimama na kusema neno moja.
Severino akasema la kwao.
Dada mmoja wa Brazili, kwa sauti ya chini, kana kwamba anatukana.
Ukumbi mzima ukaanza kutoa maneno mifukoni,
kila mtu na lake, mengine mafupi kama kikohozi,
na mkalimani, maskini, akavua vile visikilizio
akakaa juu ya viazi vyangu.
Niliyaandika niliyoyasikia,
kwa tahajia yangu, pembeni ya mablanketi.

Tamko lilikuwa na kurasa tisa.
Lumbesa imo, ukurasa wa saba,
imelazwa kimshazari kama mgonjwa.

Mablanketi yalirudi, isipokuwa moja.
Lwitiko hupita kila Jumapili baada ya ibada,
haulizi kitu, anasugua tu viganja mlangoni kwangu.
Namwambia, limeandikwa, Lwitiko.
Limeandikwa.

Jana niliuza magunia manne.
Mnunuzi ni kijana mpole, alinisalimia shikamoo,
akaomba sindano na kamba.
Nilimtazama akishona vilemba,
kimoja, cha pili, cha tatu.
Kabla ya cha nne nikafungua daftari,
nikamsomea neno la Dhaka.
Akauliza ni lugha gani hiyo, mama.
Nikamwambia, shika sindano yako vizuri,
lipo na la Bolivia.