Kengele Ipi?

Nimekata migongo ya vitabu miaka tisa
hapa Duluth, chini ya ngazi za chuo, chumba kisicho na dirisha,
na bado kisu kikishuka nafumba macho.
Ni mazoea tu. Kitabu hakilii.
Gundi ndiyo hulia kidogo,
kama mtu anayevua kiatu kilicholoa.

Cha leo ni cha Aili Toivonen:
Takwimu, toleo la nane, kurasa mia saba na kumi,
dola mia mbili arobaini alizolipa mwenyewe
kwa zamu za usiku mapokezini hotelini.
Alinunua kitu asichoweza kukisoma
ili apate risiti,
risiti niitume kwa mchapishaji,
mchapishaji aamini kwamba kipofu si mwizi.

Wiki ya kwanza: ombi lako limepokelewa.
Wiki ya pili: tafadhali ambatisha risiti. Nilikuwa nimeiambatisha.
Ya tatu, theluji ikafunga barabara ya ziwani,
nao, walioko kusini kwenye jua, wakanyamaza vilevile.
Ya tano, faili ikaja. Nikapiga meza kofi kwa furaha.
Aili akavaa spika za masikioni, akasubiri.
Kisoma-skrini kikatamka: picha.
Ukurasa wa pili: picha.
Wa tatu: picha.
Walikuwa wamekipiga kitabu picha, basi, wakaturushia,
sawa na kumchorea mwenye kiu kisima.

"Wenzangu wako sura ya sita," alisema,
si kwa hasira. Hasira ningejua pa kuiweka.

Ndiyo maana kisu.
Nailisha skana kurasa, hamsini hamsini,
kisha naketi kusahihisha ilichosoma vibaya:
sifuri imegeuka herufi, alama ya kutoa imemezwa,
kipeo kimeteremka begani mwa namba
kikasimama kando yake kama mgeni asiyekaribishwa.
Nukta ikihama hatua moja tu,
wagonjwa watatu kwa elfu wanakuwa watatu kwa mia.
Mashine haioni aibu. Naiona mimi kwa niaba yake.

Saa tatu usiku nikafika ukurasa wa 212, mchoro.
Kanuni ya kazi yetu: eleza, kwa maneno machache.
Nikaandika: Mstari wenye umbo la kengele.

Asubuhi akanipigia simu.
"Kengele ipi? Ya kanisa, ya baiskeli,
au ile ya mezani ambayo wageni huigonga saa nane usiku
wakidai taulo?"

Nikakosa jibu. Miaka tisa naandika kengele
na sijawahi kujiuliza.

Tukachukua ile karatasi inayovimba ikipata moto.
Nikauchora mstari kwa wino mweusi, nikaupitisha kwenye joto,
ukainuka, mwembamba kama kovu.
Aili akaweka kidole kushoto,
akapanda polepole, akafika kileleni, akapumua,
akateremka upande wa pili,
akaenda, akaenda,
mpaka kidole kikatoka kwenye karatasi
kikagusa meza yangu, penye alama ya kikombe.

"Haukugusa chini," akasema.
"Haugusi. Hata ukiufuata mpaka Kanada."
"Hilo hukuliandika."

Kweli. Sikuliandika.

Mtihani ulikuwa Jumanne iliyopita.
Mwalimu amekubali kuusogeza, kwa barua, kwa mara hii.
Rafuni kuna Kemia ya Wendell Bergstrom,
kilo mbili na nusu,
na mikono yake siku hizi haibebi hata daftari.
Kuna Historia ya binti ambaye herufi humrukia huku na huku,
aliyeitwa mvivu tangu darasa la pili.
Naye ana risiti. Ameikunja mara nne.

Ukurasa wa 212 nimelifuta neno kengele.
Nimeandika sentensi ndefu, nikaifuta pia.
Nje tingatinga la theluji linapita likikwaruza lami.
Naandika tena:
Huanza mbali kushoto, ukikaribia kugusa chini;
hupanda, hupumzika kidogo, hushuka,
na haufiki.

Navuta Kemia.