Mfuga Nyuki Kitini

Nimeumwa na nyuki mara nisizoweza kuhesabu:
kwenye kope, shingoni, ndani ya sikio,
mara moja ulimini, nikanywa supu siku tatu,
na siku ya nne nikarudi mizingani bila glavu.
Basi wacheke wanaotaka kucheka, pale Radovljica:
Ožbolt wa mizinga arobaini
anaogopa sindano ya ganzi.

Miaka thelathini na minne nimetafuna upande mmoja.
Mkate wa shayiri naulowesha kwanza kwenye maziwa.
Mke wangu Jerica alijua, akanyamaza,
akawa anaukata gamba na kuliweka pembeni
bila kuuliza.

Chanzo ni daktari wa shule, mwaka ule wa theluji ndefu.
Mikono yake ilikuwa baridi, ilinuka tumbaku.
Muuguzi alinigandamiza paji la uso kitini,
naye akasema, "Haiumi."
Ikauma.
Sindano ile niliisahau mapema.
Nililolibeba miaka yote
ni lile neno.

Juzi jino likaniamsha saa tisa usiku,
likapiga ngoma yake hadi kwenye jicho.
Jerica akaweka ufunguo wa gari mezani.

Daktari Neža ana umri wa binti yangu wa mwisho.
Alivuta kigoda, akaketi chini kuliko mimi,
akauliza, "Unaogopa nini hasa?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza *hasa*.
Nikasema: kivuli kinachokuja ghafla.

Hakuniambia haiumi.
Alisema, "Utahisi mbano, kisha kitu kama maji yanayosukuma.
Ukiinua mkono wa kushoto, naacha.
Hata kama limebaki tone."

Akaukausha ufizi kwa pamba, akapaka jeli
yenye ladha ambayo ndizi yoyote ingeikana,
akasubiri. Alisubiri kweli, macho kwenye saa ya ukutani,
kichupa cha dawa amekifumbata kiganjani kipate joto,
kama ninavyomfumbata malkia ndani ya kijisanduku chake
ninapomhamisha siku ya baridi.

"Vidole vya miguu," akasema. "Vichezeshe ndani ya viatu.
Kimoja kimoja."
Nikavichezesha, mzee wa miaka sitini na mitatu.
Akanishika shavu, akalitikisa kidogo,
na mahali fulani katika mtikisiko huo,
sikujua ni lini.

Kisha polepole. Polepole
kama asali ya msonobari mwezi wa Novemba.
Nikainua mkono.

Sikuwa na maumivu, nakiri.
Ulimi hauna mfupa; nilitaka kuupima wake.
Akaacha. Palepale.
Hakushusha pumzi ya kukereka.
Nikahesabu vigae vya dari, kumi na vinne, cha mwisho kimepasuka,
nikaushusha mkono mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoutambua ule mwendo:
moshi kidogo kwanza, kisha ngoja.
Usisimame mlangoni ukawazibia jua.
Mkono uingie kama hauendi popote.
Baba alinifundisha hivyo kwa nyuki,
wala yeye hakufikiri, wala mimi,
kwamba mtu naye ana mlango,
na walinzi wake huamshwa na pupa ya mgeni.

Mdomo ukalala. Nusu ya uso wangu ikawa ya jirani.
Mashine ilipoanza niliisikia tu,
trekta katika shamba la pili.

Jumamosi nikampelekea chupa ya asali, ile nyeusi ya msituni.
Akacheka: "Unamletea daktari wa meno sukari?"
Nikacheka pia, pande zote mbili.
Nje, ndani ya gari, Jerica alikuwa anamega mkate.
Akanipa kipande na gamba lake,
bila kuuliza.