Sijachemsha

Duluth, Januari. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
ziwa limeganda mpaka jicho linapokomea,
nami saa tisa usiku nimesimama barazani
na fulana tu, miguu pekupeku,
mvuke ukinitoka mabegani
kama sufuria iliyofunuliwa.
Ndani, Eino amelalia blanketi tatu.
Zamani aliamka kuniuliza.
Siku hizi ananiachia taa ya jikoni.

Nilikuwa fundi. Miaka kumi na mmoja jeshini,
malori ya tani tano, Kuwait na ng'ambo ya mpaka,
vumbi laini kama unga likikaa mpaka kwenye meno.
Nikilala chini ya lori nilijua kwa sikio
rejeta ipi inavuja, pampu ipi inaaga.
Kila injini na kitabu chake:
tarehe, saa, joto, oili,
jina la aliyegusa.
Lori likichemsha tulifungua boneti.
Hakuna aliyeliuliza lina huzuni gani.

Hospitali ya wastaafu, dirisha la mapokezi:
"Karibu mama. Mzee alihudumu kikosi gani?"
Mzee anauza rangi za nyumba.
Buti ni zangu.

Kisha fomu.
Unaamka usiku? Ndiyo.
Unatoka jasho? Ndiyo.
Moyo unakwenda mbio? Ndiyo.
Unasahau majina? Juzi, la mbwa wangu.
Unakasirika bila sababu?
Sababu ninazo.
Daktari wa kwanza, mpole, akaandika: kiwewe cha vita.
Wa pili akaongeza vidonge.
Wa tatu hakuinua macho kwenye kompyuta.

Sikatai. Vita ninavyo.
Ile ndoto ya daraja na gurudumu linalowaka
naijua, huja na kelele zake.
Hili joto ni bubu.
Huanzia kifuani, likapanda shingo, likawasha masikio,
dakika nne, halafu huyoo, limekwenda,
limeniacha nimelowa natetemeka.
Milango miwili, jamani,
na wao wameshika ufunguo mmoja.

Mama alisema tu, "Nimefika umri,"
akaacha kuingia sauna.
Hatukuuliza. Nasi tungeuliza nini?

Novemba nikanunua daftari, nikapiga mistari kwa rula.
Tarehe tisa, saa nane na robo usiku, dakika tano, shuka mbili.
Tarehe kumi, foleni ya duka la spea, dakika tatu,
nimevua koti, kijana wa kaunta kageuza uso.
Tarehe kumi na moja, hapana.
Tarehe kumi na mbili, mara sita. Nimemfokea Eino
kwa kosa la kijiko.
Kurasa arobaini.

Nesi Bellanger alikuwa mwanamaji zamani,
bado anakaa kitini kama meli itayumba.
Akasoma ukurasa hadi ukurasa, kidole kikifuata mstari.
Kisha: "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, Sajini Korpinen?"

Miaka ishirini na miwili ya faili!
Wamenipima magoti, masikio, mapafu, usingizi.
Swali hilo, hata mara moja.
Nikacheka, machozi yakaja yenyewe.
(Baadaye niliandika: saa nne asubuhi, dakika mbili, si joto.)

Hakuniahidi muujiza. Aliuliza ya damu, ya matiti, ya ukoo,
akampigia daktari simu mbele yangu,
nikaondoka na plasta ndogo ya homoni, kama stempu,
ya kubandika chini ya kiuno.
Usiku ule nilitoka nje mara mbili badala ya nne.
Sijapoa. Nachemka, lakini sijachemsha.

Wiki iliyofuata alinipigia:
ana wanawake thelathini na mmoja kwenye orodha yake,
wote wameandikiwa neno lile lile.
Je, ningemchorea ukurasa mtupu?
Nikachukua rula.
Tarehe. Saa. Dakika. Shuka.
Na pale kitabu cha lori kilipoweka jina la aliyegusa,
nikaacha safu pana kuliko zote:
jina la aliyeuliza.