Chumvi Ukutani

Mkaguzi alivua viatu mlangoni.
Nikampenda kwa hilo,
maana sakafu yangu ilikuwa bado tope
na soksi zake nyeupe.
Azzan bin Muhenne, mtoto wa Rustaki.
Bibi yake alizaliwa Wete,
kwa hivyo Kiswahili chake kina matundu
lakini hakivuji.

"Maji yaliingilia wapi, mama?"

Wadi ilikuja kwa nyuma, mlango wa jikoni.
Haikubisha hodi. Ilibeba mtungi wa gesi wa jirani
na viatu vya watu nisiowajua.
Bahari ilikuja kwa mbele, kama mgeni wa Idi.
Zikakutana sebuleni, juu ya zulia la harusi ya Nasra,
zikazunguka mara moja kama watu wanaojuana,
zikakaa.
Sisi tulikuwa juu ya paa tunahesabu watoto,
tunamaliza, tunaanza tena.

Akaandika. Akasoma karatasini:
mvua, ndiyo.
Mafuriko ya wadi, ndiyo, ukitoa riale mia tano za mwanzo.
Maji ya bahari, hapana.
"Yapi yalitangulia?"

Kaliulize zulia.

Basi akaenda ukutani,
pale mstari wa tope ulipopita juu ya swichi ya taa.
Akapitisha kidole kwenye chokaa,
akatazama mlangoni kama mtoto mwizi wa sukari,
akakilamba.

Sijapata kuona nyumba ikihukumiwa kwa ulimi.

"Chumvi," akasema,
kwa sauti ya mtu anayetoa mkono wa pole.

Ngoja. Usiandike. Njoo nje.
Unaona uwanja huu? Palikuwa na mindimu kumi na tisa.
Marehemu Zahor aliipanda mwaka wa themanini na mbili
na kisima kilikuwa kitamu,
ukinywa unasema alhamdulillahi bila kukumbushwa.
Kisha pampu zikawa nyingi, mvua ikawa ya kuhadithiwa,
na bahari ikajipenyeza chini kwa chini
kimyakimya, kama deni.
Siku moja maziwa yakakatika kwenye chai.
Miaka haikupita mingi, mndimu wa mwisho nikaufanya kuni.
Na sebule hii tuliijenga elfu mbili na nne,
matofali yake yakakandwa kwa maji ya kisima hichohicho.
Chumvi hii ni mwenyeji humu, Azzan.
Ina miaka kumi na saba. Shahini ilimkuta.
Shahidi gani huyo
aliyekuwamo ndani kabla ya wizi?

Akafuta nusu ya mstari.
"Mama, mimi naandika tu.
Kampuni nayo ina kampuni yake Ulaya,
inayoikatia bima bima yetu.
Huko wana ramani. Mtaa huu wameutia rangi."

Rangi gani?

Akatazama soksi zake.

Huku inaitwa taamini.
Miaka yote nikilipa riale thelathini na nane
nilisikia ndani yake amana, nikasikia amini,
nikadhani nimeweka kitu kwa mtu.
Bima, neno letu, ni kavu, la dukani.
Bora ningelisikiliza hilo.

Fidia ilikuja Februari:
milango miwili kati ya minne, zulia hakuna.
Na barua nyuma yake: mwaka ujao mia mbili na kumi,
bahari haimo.
Nasra anasema tuuze, tuhamie kwake Nizwa.
Tumuuzie nani?
Benki haikopeshi nyumba isiyo na bima,
na mwenye fedha taslimu hanunui Khabura.

Ukuta nimeupaka rangi mara mbili.
Inatoka vilevile, unga mweupe,
hasa asubuhi za umande.
Leo, kabla watoto hawajaamka,
nami nimepitisha kidole,
nikakilamba.

Chumvi ni chumvi. Haina tarehe.