Kupanga

Miaka kumi na mmoja tulipanga nyumba za watu,
Gocha na mimi, tukihama na masufuria yetu
ghorofa hadi ghorofa, Kutaisi nzima,
tukiomba ruhusa hata ya kupigilia msumari.
Leo tunapanga tena, na nyumba ni yetu.
Neno ni lile lile. Usingizi ndio umepungua.

Shangazi Tsiuri ametuachia vyumba vinne,
roshani ya mbao inayoinamia ua
kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha,
na mzabibu ambao, asema fundi Jumberi,
ndio unaoishika roshani, si misumari.
"Msiukate. Huo ni mwajiriwa."

Fundi Jumberi hana haraka.
Anagonga kuta kwa kifundo cha kidole
kama achaguaye tikiti sokoni.
"Huu mzima." Anasogea. "Huu mzima."
Halafu anagonga, na mkono unabaki hewani.
"Huu," anasema, "tutauzungumza tukiwa tumekaa."

Tukakaa. Nikafungua daftari la hesabu la Elene,
kurasa za mwisho, alizoziacha wazi:

Paa: mabati au vigae?
Msingi: upande wa mtoni umezama vidole vinne.
Mabomba: yote.
Nyaya: zote. Pasi na birika zisiwashwe pamoja.
Kipandio cha tatu: ruka.

Gocha anataka paa. Mimi nataka msingi.
Pesa zasema: kimoja.
Waliotuusia tuzibe ufa
hawakutaja bei ya saruji.

Tukanuniana siku nne.
Usiku mvua ilishuka kutoka milimani
na Elene, kitandani, akahesabu vyombo kwa sauti zake:
beseni la bluu, ndoo, sufuria ya maharage,
na kitu cha nne ambacho hatukuwa tumekitegea chombo.

Jumamosi tukabandua karatasi za ukutani.
Ya juu ilikuwa ya waridi. Chini yake, ya mistari.
Chini ya mistari, gazeti la zamani,
wanawake wenye vikapu, mavuno ya chai yaliyovuka lengo.
Na chini ya gazeti, juu ya plasta tupu, penseli.
Mwandiko wa Shangazi, ule unaolalia kushoto:

Mbao 14.
Misumari kilo 3.
Msingi upande wa mtoni (muulize Vazha).
Paa likingoja, lingoje.

Na jumla, imepigiwa mstari mara mbili,
kisha imekatwa.

Hatumjui Vazha. Pengine aliulizwa.
Pengine alitaja bei.
Gocha alisimama pale na mwiko mkononi,
vumbi kwenye nyusi, akayasoma tena kwa midomo.
Kitanda cha Shangazi kilikuwa kando ya ukuta huu,
mto wake usawa wa hiyo misumari kilo tatu.
Miaka arobaini alilala kichwa kikiigusa hesabu,
na kila karatasi mpya aliyobandika
ilikuwa mwaka ujao.

Hakusema nimeshinda wala ameshindwa.
Alichukua penseli ya Elene
akaandika chini ya Shangazi, kwa herufi kubwa,
MSINGI, na tarehe.
Elene akaomba zamu yake:
chumba changu kijani, si kijani cha hospitali.

Jumatatu fundi Jumberi alivua kofia mbele ya ukuta.
Alisoma kimya, mpaka mwisho, pamoja na kijani.
Nilidhani atasema neno kuhusu marehemu.
Akanyosha mkono apewe penseli.
"Kumi na nne hazikutosha hata wakati ule," akasema,
na pembeni ya kumi na nne, bila kuifuta,
akaandika ishirini na mbili.

Gocha akavaa koti
akaenda kununua beseni jingine.