Jiwe Halina Jamaa

Ninaanza bila hodi,
sina wino wala udi,
nina kompyuta, idadi
yake sita, Jadidani.

Chumba kilikuwa duka
la cherehani; kufika
mwaka juzi, nikaweka
waya, viti, pia feni.

Wakitoka kwenye chuo
hunipa juzuu zao
niweke juu; na hao
washashuka uwanjani.

Mchezo ni wa magari
yenye mizinga, hatari,
watatu huku, tayari,
watatu kule jangwani.

Na gereji ina soko:
vyuma vya huku na huko;
ukitaka, na mfuko
unao, hujengi duni.

Khelefu ana mjomba
Omani, mwenye majumba;
kila neno akiomba
hushuka mwake simuni.

Akajenga gari: deraya tatu mgongoni, mizinga sita, roketi mbavu hii na mbavu ile,
taa za buluu chini ya tumbo, magurudumu ya zimwi,
paa la chuma juu ya paa la chuma,
hata ubeti wangu huu ukashindwa kulibeba, ukapasuka vina, ukamwaga maneno barabarani.

Risasi zetu, sikia:
choroko kwenye sinia,
zikalia, zikalia,
naye hata hazioni.

Na Shaame, wa darasa
la tano, hana mapesa,
gari lake kama kasa
asiye gamba mwilini.

Jumamosi alikufa
mara ishirini, safa;
nikamwona kwenye ufa
wa dirisha, barazani

akihesabu sarafu
za mia, na zile chafu
za hamsini, dhaifu:
anunue nini, lini.

Babangu alipimia
Wete karafuu; pia,
jiwe akishikilia,
hunambia pembezoni:

"Jiwe halina jamaa,
halioni haya, njaa.
Mkweo akija, kaa,
wacha iseme mizani."

Mizani! Neno la duka
na la shairi, hakika:
nane ukizidi, taka;
pungufu, huna thamani.

Nikachukua kalamu,
nikabandika hukumu:
"Deraya moja, fahamu,
na mzinga, na injini

moja. Hapana ziada.
Rangi ruhusa, si shida,
upendayo, bila ada;
rangi haina uhuni."

Khelefu akasaili:
"Yako nini, na ni mali
yangu? Yakukera kweli?
Kwani nimeiba, kwani?"

Hilo nililingojea.
Nisilolitarajia
ni Shaame kunijia,
machozi yamo kopeni.

"Mwezi wa tatu, nachanga,
sili urojo, nafunga,
nataka ya pili kinga;
leo yafutwa, ya nini?"

Sikuwa na la kujibu.
Haki nayo ina tabu:
yule unayemtibu
wamkata tumaini.

Akakaa, na hacheki,
hasemi wala hataki;
wekundu wa shokishoki
akapaka kwa makini.

Vita viliposhikana,
magari yakalingana,
kilobaki cha maana
ni vidole, na ni mboni.

Khelefu, bila ya gamba,
kajibanza kwenye mwamba,
mara ya kwanza kuramba
vumbi, na kucheka ndani.

Shaame anamlenga,
Khelefu naye apanga;
umeme, bila kuringa,
ukazimika. Gizani

sauti sita kwa moja:
"Haijesha! Tunangoja!"
Napapasa, moja moja,
juzuu zao rafuni.